Mwanafunzi Anapohama Chuo, Nini Huhama Naye?

Kila mwaka, muda mfupi baada ya vyuo vikuu kufunguliwa, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania hutangaza kipindi ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aweza kuomba kuhama kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Kipindi hicho ni kifupi. Ndani ya siku hizo chache, katika familia nyingi za maparokia yetu, hukatwa shauri ambalo uzito wake hubebwa kwa miaka kumi au zaidi. Mara nyingi shauri lenyewe hukatwa kwa simu, usiku, kati ya kijana aliyejaa furaha na mzazi asiyejua aulize nini. Tumeona yafaa tulizungumze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ni jambo la haki, na kwa sababu wanaoumia ni wale wale wa siku zote.

Ndugu wasomaji, tuchukue mfano. Huu si mkasa wa mtu mmoja; tumeuunganisha kutokana na mambo yanayofika katika ofisi za parokia mwaka baada ya mwaka. Binti wa mkulima wa maharage wa Ufipa amechaguliwa kusoma shahada ya ualimu wa sayansi katika chuo kimoja cha Mbeya. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imempangia mkopo, lakini sehemu ya ada imebaki mikononi mwa baba yake. Anakaa kwa shangazi yake. Wiki ya tatu anapata habari kwamba chuo kingine, chenye jina kubwa, huko Dar es Salaam, kina nafasi katika kozi ile ile na kiko tayari kumpokea. Nyumbani wanashangilia. Jumuiya Ndogo Ndogo inamwombea na kumpigia makofi. Mjomba aliyeko mjini anasema katika simu kwamba bahati ya namna hiyo haikataliwi. Katika watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyeuliza barua ile inagharimu kiasi gani, na nani atakayelipa.

Basi na tuulize sisi: mwanafunzi anapohama, nini huhama naye?

Vyeti vyake huhama. Matokeo yake ya kidato cha sita huhama, na bila hayo hakuna uhamisho, kwa maana anayehama lazima awe na sifa za kujiunga na kozi anayoiendea, kuwe na nafasi, na Tume iidhinishe. Lakini mkopo hauhami wenyewe kama kivuli kimfuatavyo mtu. Bodi ilimpangia fedha akiwa mwanafunzi wa chuo fulani, katika kozi fulani yenye ada fulani. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, hutolewa kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na aliyethibitisha kwamba yupo chuoni. Zile ambazo mwenyewe hakujitokeza kuzipokea hurudishwa Bodi. Kwa hiyo kijana aliyeaga chuo cha kwanza kabla uhamisho wake haujaidhinishwa, na kabla taarifa zake hazijafika katika dawati la mikopo la chuo cha pili, aweza kujikuta hayumo katika orodha ya huku wala ya kule. Majuma yanapita. Njaa haisubiri orodha.

Kuna pia swali la ada. Ikiwa ada ya chuo kipya ni kubwa kuliko ya kile cha zamani, tofauti hiyo nani ataibeba? Ushauri wetu ni kwamba, mpaka Bodi yenyewe iseme kwa maandishi kuwa itaibeba, tofauti hiyo ihesabiwe kuwa ni ya familia. Tunasema kwa maandishi. Neno la mtu wa dirishani, hata akiwa mwema namna gani, haliwezi kupelekwa mahali popote siku ya kukata rufaa.

Kwa wale wanaotaka kuhama baada ya kumaliza mwaka mmoja au miwili, kuna mzigo mwingine ambao hauonekani kwa haraka. Shahada ya miaka 3 katika nchi yetu hudai krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa kila mwaka. Chuo kinachopokea ndicho kinachopima masomo aliyokwisha kuyafanya na kuamua yapi yatahesabiwa. Yasipohesabiwa, yatarudiwa, na somo linalorudiwa lina ada yake, chumba chake na chakula chake. Mwanafunzi anayeambiwa tu kwamba amepokelewa, bila kuambiwa amepokelewa katika mwaka wa ngapi na kwa krediti ngapi, hajaambiwa jambo la maana.

Hayo yote ni msaada ulioandikwa. Tuje sasa kwenye msaada usioandikwa, kwani hapa ndipo familia nyingi za wanyonge hujikwaa, na hakuna fomu hata moja inayouliza habari zake.

Yule binti wetu wa Mbeya anakaa kwa shangazi. Hapo halipi kodi. Jioni anakula alichopika shangazi, na kila baada ya majuma machache basi la kutoka Sumbawanga linaleta debe la maharage na unga, nauli ya mzigo ikiwa si kubwa. Akiugua, kuna mtu wa kumpeleka zahanati. Jumapili anaimba kwaya katika parokia ambako mwalimu wa kwaya anamjua kwa jina, na ambako mara mbili amekwisha kupewa fedha ya kuchapisha kazi zake za darasani. Jumlisha mambo hayo kwa shilingi, nawe utaona kwamba shangazi ni mfadhili mkubwa kuliko wafadhili wengi wanaotajwa magazetini. Hakuna hata shilingi moja ya ufadhili huo inayoweza kuhamishwa kwenda Dar es Salaam, mahali palipo zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya. Nyumba ya shangazi haipandi basi.

Tufanye hesabu. Tangu mwaka 2022 kiwango cha juu cha fedha ya chakula na malazi ambacho Bodi humpa mwanafunzi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 60 ni shilingi 600,000. Hata tukisema binti huyu amepangiwa kiwango kizima, chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi, ambacho mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kinaimaliza bumu ya kwanza pale mlangoni, kabla hajanunua godoro wala sufuria. Siku 60 zinazofuata atakula nini? Atapanda daladala kwa nauli gani? Waliokaa mjini wanajua majibu ambayo wasichana wengine hupewa wanapouliza maswali haya, na wanajua kwamba wapo wanaume wanaojiita wafadhili, ambao fedha zao zina masharti yasiyosemwa mbele ya wazazi. Hatuandiki haya ili kuwatisha mabinti wasiende mjini. Tunaandika kwa sababu mzazi aliyeshangilia barua bila kuuliza habari ya chumba amemwachia mtoto wake alijibu swali hilo peke yake, usiku, katika mji asioujua.

Wapo watakaosema: lakini mkopo upo, na chuo chenye jina humpa mtu kazi. Tuyatazame yote mawili.

Wazee wetu waliosoma katika miaka ya mwanzo ya uhuru hawakulipa chochote. Serikali ilibeba yote. Katika miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama, na kwa sheria ya mwaka 2004 ikaundwa Bodi ya Mikopo, ambayo ilianza kazi mwaka 2005. Hivyo kile tunachokiita msaada ni deni. Ni deni lenye nafuu, na tunapaswa kuwa wakweli katika hilo: tozo ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa asilimia 6 kwa mwaka, ilifutwa mwaka 2021, na ilikuwa haki ifutwe. Hata hivyo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mwajiriwa anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwalimu anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa shilingi 120,000 kila mwezi. Akiwa anadaiwa shilingi 12,000,000, atalipa kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Ikiwa kule kuhama kumeliongeza deni hadi shilingi 15,000,000, atalipa kwa miezi 125. Miezi 25 ya nyongeza, kwa hesabu ya deni lenyewe tupu, ndiyo bei ya jina la chuo. Pengine inafaa kuilipa. Lakini anayeilipa aijue kabla hajaweka sahihi.

Kuhusu jina, sisi tuna mashaka. Mwalimu wa fizikia aliyesoma Mbeya na mwalimu wa fizikia aliyesoma Dar es Salaam, wakiajiriwa na Serikali wakiwa na shahada ya namna moja, huanzia ngazi moja ya mshahara. Jina la chuo lina nguvu katika kazi fulani fulani, hatukatai. Lina nguvu ndogo sana mbele ya darasa la watoto tisini. Maoni yetu, nayo twayasema wazi, ni kwamba mtoto wa maskini anayesoma kozi ile ile, katika chuo kinachotambuliwa, akiwa karibu na ndugu zake, asihame kwa ajili ya jina.

Jambo hubadilika pale kozi inapobadilika. Kijana aliyepangwa katika kozi asiyoitaka kwa sababu tu nafasi za udaktari zilikuwa zimejaa, naye ana ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia unaotakiwa, akipata nafasi ya udaktari hahami tena kwa ajili ya jina. Anahamia maisha mengine kabisa. Huyo asizuiwe kwa hofu ya kodi ya chumba. Lakini masomo ya udaktari ni miaka 5, na baada yake kuna mwaka wa mafunzo ya vitendo hospitalini, hivyo karatasi ya hesabu iwe ndefu vilevile. Tena wapo wanaohama kwa ugonjwa, au kwa sababu ya mzazi aliyebaki peke yake, au kwa sababu chuo kipya ni nafuu kuliko cha zamani. Sababu za namna hiyo hazihitaji ruhusa ya jumuiya nzima. Zinahitaji mtu wa kusaidia kuzipeleka kunakohusika kabla siku hazijaisha.

Yatupasa hapa kusema neno kuhusu sahihi, na neno hili linawahusu viongozi walei moja kwa moja, kwa kuwa wengi wenu ni wenyeviti wa mitaa na vijiji, watendaji, walimu na mawakili. Fomu ya kuomba mkopo hupita mikononi mwenu. Mnathibitisha kwamba mwombaji ni mkazi wenu na kwamba maelezo yake ni ya kweli. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo cha mzazi kama amefiwa, huhakikiwa na RITA. Kaya iliyomo katika mpango wa TASAF hutajwa. Bodi haijui kijiji chenu. Inajua yale mliyoyatia sahihi. Mnapomwandikia uyatima kijana ambaye baba yake anaendesha duka la vifaa vya ujenzi, fedha haitoki mfukoni mwa Serikali peke yake, kwa kuwa fungu la mwaka lina mwisho, na mtu wa mwisho katika orodha ndiye anayeachwa. Mtu huyo yumkini ni yule binti wa mkulima wa maharage, ambaye alipangiwa sehemu tu. Tumeyasikia maneno ya kwamba kila mtu hufanya hivyo. Hapa hatuna haja ya mahubiri marefu: ni wizi, na aliyeibiwa anaweza kutajwa kwa jina katika jumuiya yenu wenyewe.

Nao vyuo? Chuo kinachomwita kijana ahamie kwake kina wajibu wa kumweleza gharama yote, kwa miaka yote, katika barua ile ile inayompongeza. Ada ya masomo pekee haitoshi kutajwa. Kuna ada ya usajili, ya mitihani, ya kitambulisho, ya bima ya afya, ya mafunzo kwa vitendo. Kuna malazi, na ni lazima isemwe kama kitanda cha bwenini kipo au hakipo. Chuo kieleze pia ni nini kitakachotokea kwa fedha iliyokwisha kulipwa endapo mwanafunzi ataondoka. Vyuo vya Kanisa navyo visijione viko nje ya neno hili. Tunavipenda, vimesomesha watu wetu wengi, na kwa sababu hiyo hiyo tunavidai zaidi: orodha ya malipo iliyo kamili na iliyo wazi ni jambo dogo kuliko yote ambayo chuo cha Kanisa kinaweza kumtendea maskini.

Tuseme na juu ya michango. Desturi yetu ya kuchangiana ni njema, na wengi tuko hapa tulipo kwa sababu yake. Ila ina udhaifu mmoja ambao yafaa utazamwe bila aibu: tunachanga sana siku ya kuaga, na mwaka wa pili tunasahau. Jumuiya iliyokusanya shilingi 700,000 siku ya Jumapili ya shangwe imemsukuma kijana kwenye gharama ambayo jumuiya hiyo haitakuwapo kuibeba Oktoba ya mwaka unaofuata. Afadhali familia kumi zinazoahidi shilingi 5,000 kila mwezi kwa miaka mitatu, na mweka hazina anayeandika katika daftari, kuliko bahasha nono ya siku moja. Familia kumi za namna hiyo hutoa shilingi 600,000 kwa mwaka. Hizo zinalipa pengo la ada la watoto wengi tunaowafahamu. Tena, ahadi ya namna hiyo itamkwe kabla ya shauri la kuhama kukatwa, ili iingie katika hesabu. Isitamkwe baadaye kama zawadi ya kushtukiza.

Na shauri ni la nani? Ni la mwanafunzi. Tunajua kwamba neno hili halitawapendeza wajomba wote. Mwanafunzi aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo anachokitaka, na mara nyingi namba hiyo huja kwenye simu ya kaka, kwa sababu binti hana simu. Yawezekana kaka akathibitisha kwanza na kumweleza baadaye. Huko ni kumnyang'anya mtu mzima maisha yake, hata kama kumefanywa kwa upendo. Kazi ya wazee ni kuketi naye kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, aliyeketi kwanza kuhesabu gharama. Kumwonyesha tarakimu zote, zikiwamo zile za aibu, kama vile deni la baba kwenye chama cha ushirika. Kisha kumwachia aseme.

Kamati ya Haki na Amani ya kila parokia yaweza kufanya jambo moja dogo kabla vyuo havijafunguliwa. Iteue watu wawili, mmoja awe mwanamke, wanaoelewa kutumia mtandao na wasioogopa kupiga simu Bodi. Tangazo lao lisomwe baada ya Misa, pamoja na saa zao za kupatikana ofisini. Kijana mwenye barua ya kuhama aje kwao na karatasi, nao waandike pamoja naye safu mbili: chuo alichopo na chuo anachoitwa, na katika kila safu, kwa kila mwaka hadi mwisho wa kozi, ada, malipo mengine, chumba, chakula, nauli ya likizo, kisha mkopo, mchango wa nyumbani, na thamani ya yale anayopewa na ndugu bila kuandikwa. Mstari huo wa mwisho usirukwe. Penye alama ya kuuliza, waulize chuo na Bodi, wapate jibu la maandishi, nao walibandike kwenye karatasi.

Akiamua kuhama, asiage chuo cha kwanza mpaka idhini itoke, na aende mwenyewe kwa afisa mikopo wa vyuo vyote viwili, apate sahihi na tarehe. Akiamua kubaki, basi asikae kimya tu. Aandike barua ya kukataa nafasi. Barua hiyo ni ya mistari minne: shukrani, jina la kozi, neno kwamba hatakuja, na tarehe. Ipelekwe siku hiyo hiyo, nakala ibaki nyumbani, kwa maana nafasi aliyoiachia yaweza kumfikia mwenzake anayeihitaji kabla siku za kuhama hazijaisha.